Matawi ya Njia Panda

Ndani ya mchomoko, gari dogo la abiria tulilopanda Tinde, Mama Ritha alimwomba dereva aharakishe, anawahi zamu yake.

"Zamu ipi, mayu?" aliuliza mzee Majaliwa, mchuuzi wa mchele.

"Kutandaza matawi pale njia panda, baba, kabla watoto hawajatoka shule. Dereva akidhani mbele kuna gari bovu, hupunguza mwendo."

"Kumbe ni ninyi waongo! Siku lori likiharibika kweli, nani ataamini tawi?"

"Tuwekeeni matuta basi, tuache uongo."

Matuta tuliahidiwa siku ya kuzindua lami. Nilikuwepo; hata rangi ya utepe naikumbuka. Tangu hapo tumezika watoto, tuta hata moja hatujaliona.

"Matuta yanavunja magari," mzee akasema.

"Na magari yanavunja nini, baba?"

Kabla ya kona ya njia panda tukayaona matawi mabichi. Dereva akacheka. "Wenzako wamekuwahi, mama!" Akakanyaga mafuta.

"Leo niko zamu peke yangu," Mama Ritha alisema. "Na mimi sijaweka."

Breki zililia. Tulisimama tukikaribia kugusa tela la lori lililozimika. Nyuma yetu gari jingine lilikuwa likija mbio, na mbele ya lori watoto walikuwa wameanza kuvuka.