Atakayesimama Pembeni

MJOMBA: Haloo? Haloo? Nani huyo ananipigia nikiwa na bisibisi mdomoni?

MPIGAPICHA: Shikamoo, mjomba. Ni mimi, mpwa wako.

MJOMBA: Marahaba, mama. Mbona unanong'ona? Uko msibani?

MPIGAPICHA: Niko kazini. Salio langu la kubabaisha, kwa hiyo nijibu haraka. Zile lenzi mbili ulizonipimia –

MJOMBA: Zile za kuvuta?

MPIGAPICHA: Hizo hizo. Ipi ni ipi? Zote nyeusi, zote –

MJOMBA: Zote si za kampuni ya kamera yako. Watoto wa kambo. Lakini watoto wa kambo nao hawafanani! Kuna moja nimeibandika plasta.

MPIGAPICHA: Ninayo mkononi.

MJOMBA: Hiyo ndiyo kali. Nilibandika gazeti ukutani nikalipiga kwa zote mbili. Ya plasta inasoma herufi kuanzia katikati mpaka pembe zote nne. Isiyo na plasta, katikati ni wembe, huwezi kuzitofautisha. Nenda pembeni sasa! Herufi zinayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Kwa hiyo weka ya plasta, upige, uondo–

MPIGAPICHA: Nataka isiyo na plasta.

[Laini inakwaruza.]

MJOMBA: Sijakusikia vizuri.

MPIGAPICHA: Umenisikia. Nikitaka pembeni paharibike kabisa, nafanyaje?

MJOMBA: Maisha yangu yote nafundisha watu kukwepa jambo hilo. Unampiga nani?

MPIGAPICHA: Familia. Ukoo mzima, safu tatu, uani kwao.

MJOMBA: Ukoo wa nani?

MPIGAPICHA: [Anashusha pumzi.] Wale.

MJOMBA: Wale wepi? ... Wale? Wa geti la kijani?

MPIGAPICHA: Punguza sauti, mjomba! Niko stoo kwao, nimejifanya nabadilisha betri.

MJOMBA: Umeingiaje humo?

MPIGAPICHA: Walipiga simu studio, bosi akanipangia mimi bila kujua. Mama mkwe kaniona mlangoni, kashika kifua. "Kumbe ni wewe?" Nikasema ndiyo, mama, kumbe ni mimi. Akataka nifukuzwe. Mzee wake akamwambia, watu wameshavaa, wamechoka na jua, mwache apige.

MJOMBA: Na mtoto wao wa kiume, yule aliyekuwa mumeo?

MPIGAPICHA: Safu ya nyuma, na mke mpya. Hajaniangalia. Anasoma viatu vyake.

MJOMBA: Nisikilize vizuri. Mimi kwa watu hao nilikwenda na koti langu la heshima kuwaomba wakurudishie mtoto. Wakaniacha nimesimama getini kama msoma mita. Hata maji, mpwa wangu! Wakamtuma mlinzi aniambie mwanamke anayezurura na kamera kwenye harusi za watu hafai kulea. Umenielewa?

MPIGAPICHA: Nimekuelewa.

MJOMBA: Basi usivute. Fungua upana wote. Na tundu la mwanga liache wazi kabisa, ukilibana tu pembeni panapona. Usiwape nafasi ya kupona!

MPIGAPICHA: [Anacheka kidogo.] Mjomba.

MJOMBA: Yule mama yuko upande gani? Kulia au kushoto?

MPIGAPICHA: Ngoja, nachungulia ... Kakaa katikati. Kwenye kiti cha mikono, miguu kaipandisha kwenye kigoda.

MJOMBA: Aah! Katikati ni wembe!

MPIGAPICHA: Wengine wanajipanga wenyewe, kila mtu anamsogelea. Wajukuu wote wako mbele yake kwenye mkeka. Wote ila ...

MJOMBA: Haloo? Umekatika?

MPIGAPICHA: Nipo.

MJOMBA: Ila nani?

MPIGAPICHA: Kawekwa mwisho kabisa, mjomba. Kushoto. Nusu ya mwili iko nyuma ya nguzo. Gauni limemwishia juu ya magoti, la mtu mwingine. Walinichukulia akiwa anatambaa, sasa hivi ana miguu mirefu kama yangu.

MJOMBA: Weka ya plasta. Weka ya plasta, mama, yaishe. Ukipiga na hiyo nyingine utamfuta mtoto –

MPIGAPICHA: Nakuja! Nakuja, mama, betri imekataa kidogo! ... Wananiita.

MJOMBA: Unaweka ipi?

MPIGAPICHA: Isiyo na plasta.

MJOMBA: Umeshikwa na nini wewe?

MPIGAPICHA: Kwenye picha, nani anapanga watu, mjomba? Usikate simu. Naitia mfukoni.

[Vitu vinagongana. Kitambaa kinasugua. Sauti za watu kwa mbali.]

MPIGAPICHA: Samahanini, wakubwa zangu! Safu imelala upande mmoja kama meza iliyovunjika mguu. Mama, naomba unisaidie ... Hapana, si kukuondoa. Mwenye nyumba hakai katikati kama mgeni. Mwenye nyumba anafunga safu, anawashika wote. Hapo kwenye nguzo ... Eeh, mzee naye kakubali, umemsikia ... Mwisho kabisa, mama. Kidogo tena. Pazuri! Unaonekana kama malkia.

MJOMBA: [Kwa mnong'ono.] Shetani wewe.

MPIGAPICHA: Sasa kiti kimebaki wazi, kitatia shimo kwenye picha. Wewe, binti wa gauni fupi. Ndiyo, wewe. Njoo ukae ... Atakaa, jamani, wenzake wote wako chini, nani mwingine anaenea? Kaa vizuri. Kidevu juu. Unaangalia hapa kwangu. Hapa tu ... Usifumbe ... Tayari. Tena. Tena.

[Kitambaa kinasugua tena, maneno hayashikiki kwa muda. Hatua. Mlango unafungwa.]

MPIGAPICHA: Mjomba?

MJOMBA: Niko hapa! Nimekalia bisibisi kwa furaha! Umeangalia?

MPIGAPICHA: Nimekuza kwenye kioo cha kamera. Katikati unahesabu kope. Upande wa kushoto pana kitenge kinachofuka moshi, na juu yake kitu kama uji.

MJOMBA: Amekuja kuangalia?

MPIGAPICHA: Kaiona ndogo, kwenye kamera, bila miwani. Kaipenda. Anataka ikuzwe ijae ukuta mzima wa sebule.

MJOMBA: [Anacheka mpaka anakohoa.] Ikikuzwa –

MPIGAPICHA: Ndiyo, mjomba.

MJOMBA: Na studio yako ikilaumiwa?

MPIGAPICHA: Wanifukuze. Nimeshafukuzwa na wakali zaidi.

MJOMBA: Haya, mtoto je? Amekujua?

[Laini inakwaruza tena.]

MJOMBA: Mpwa wangu?

MPIGAPICHA: Aliposhuka kitini alikuja mpaka nilipo. Akanishika mkono kwa adabu.

MJOMBA: Akasemaje?

MPIGAPICHA: "Asante, shangazi."

MJOMBA: ... Ukamjibu nini?

MPIGAPICHA: Bibi yake alikuwa amesimama palepale, anatabasamu. Nikasema, karibu, mwanangu. Kila mtu mzima husema hivyo. Halafu nikabadilisha lenzi, nikaweka ya plasta, nikampiga peke yake. Hiyo hawaipati.

MJOMBA: Njoo nyumbani, mama. Funga begi uje.

MPIGAPICHA: Siji bado. Nimemuuliza anasoma shule gani.

MJOMBA: Akakutajia?

MPIGAPICHA: Akanitajia. Na bosi wangu ndiye anayepiga picha za darasa shuleni kwao, nitamwomba ani–

MJOMBA: Haloo? ... Haloo? Salio lenyewe ndilo limekwisha hapo? Haloo!