Mzee Masharubu Anaaga Chumba cha Panya

Jambo hili sijamwambia mtu: naiogopa Ijumaa ijayo. Ndiyo siku Baba anastaafu, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na tisa ya kutazama sura za panya wa maabara. Wenzake wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wa sherehe, eti kwa kuwa nasoma kwa lugha mbili, na wao ripoti zimewaharibia lugha zote mbili. Basi naandika yote kwanza, halafu nitafuta ya kufuta.

Wanamwita Mzee Masharubu. Si kwamba anayo. Ni vile hata mbele ya wageni wakubwa huzungumzia masharubu ya panya tu. Alianza kwa kusafisha vizimba, akapanda mpaka akawa mkuu wa ustawi wa wanyama. Kazi yake ni kupima maumivu ya kiumbe asiyeweza kusema "naumwa." Macho yakifinyika, masikio yakilala nyuma, masharubu yakikakamaa, anatoa alama za maumivu. Panya mzima ukimpa karatasi huichanachana akajijengea kiota. Mgonjwa huiacha ilivyo. Alama zikipanda, Baba anadai dawa ya maumivu, na mtafiti, hata awe profesa, atasubiri.

Ni yeye aliyepiga marufuku kuwabeba kwa mkia. Siku hizi wanaingia wenyewe kwenye bomba la plastiki, wanabebwa kama abiria wa heshima.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha blauzi. Kuna kipindi panya waliotoka kupasuliwa walionekana hawana shida kila Baba alipoingia, ila viota hawajengi. Akaweka kamera, akatoka. Mlango kufungwa tu, sura zikakunjamana. Walikuwa wanaumwa muda wote. Harufu ya mwanamume iliwatia hofu, na hofu ikayafunika maumivu. Kesho yake akaenda kazini na blauzi ya Mama, iliyokwisha kuvaliwa, yenye harufu yake, akaitandika karibu na vizimba. Vijana wa maabara walicheka mpaka wakakaa chini: "Mzee, leo umekuja na mama?" Na Mama nyumbani: "Blauzi yangu nzuri unawapelekea panya, mie unaniletea nini?" Lakini panya walitulia, na alama zikaanza kusema kweli.

Tangu nisimuliwe kisa hicho sina raha. Nina kivimbe kwapani, upande wa kushoto. Kilikuwa kama punje ya mahindi. Sasa nikinyanyua mkono kinavuta mpaka kifuani. Mama akiniuliza mbona silali, nasema mitihani. Baba akiingia, sura yangu inanyooka yenyewe. Zamani alikuwa anarudi amechoka, hata hanitazami sana. Kuanzia Jumamosi atashinda nyumbani, na macho yale yale. Kitanda changu sijakitandika wiki ya pili hii.

Naogopa ataona. Halafu naogopa zaidi kwamba hataona.

Baba, kwa niaba ya wenzako, na ya panya ambao hawatapanda jukwaani kukushukuru, asante. Tunakutakia asubuhi zisizo na kengele, chai unayoimaliza ingali moto, na muda wa kuwatazama walio nyumbani, vizuri, hata wakikuambia ni mitihani.

Ndara za Baba hizo koridoni. Karatasi naisukuma chini ya mto. Kona moja naiacha nje.