Kaka Yetu Mbishi na Orodha Iliyojibadilisha

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wote mliofika, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho na muuguzi kwa kazi, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye nyumbani, shuleni na kazini aliitwa Mbishi, na mtaniwia radhi nikikaa zaidi kwenye mwaka mmoja kuliko mingine.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba dereva wa lori na mama mpishi wa shule, na mama alizoea kusema kwamba huyu hata kulia alilia kwa hoja. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1981 hadi 1987, kisha sekondari ya kutwa hadi 1991, ambako alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu, mara zote mbili akiwa sahihi, jambo ambalo halikumsaidia, na baadaye akahitimu masomo ya kompyuta Novemba 1996.

Tarehe 1 Februari 1999 aliajiriwa kuandika programu za hospitali katika ofisi ndogo juu ya duka la rangi, akadumu hapo hadi mwisho. Tarehe 8 Desemba 2001 alimuoa wifi yangu, fundi cherehani, mtu pekee aliyewahi kumshinda kwa maneno, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja mwaka 2003 na mwingine 2007.

Jumanne tarehe 12 Aprili 2016, katika hospitali niliyofanyia kazi, iliyotumia programu ya ofisi ya kaka, mfamasia alikuta kwenye kompyuta nimemwandikia mtoto mchanga miligramu 500 badala ya 50, akaizuia dawa kabla haijatoka dirishani, nami nikasimamishwa kazi siku hiyohiyo, huku nikiapa kwamba nilichagua 50, na hakuna aliyeniamini ila yeye. Alikuja, akaniketisha mbele ya kompyuta yenye programu ileile, akaniambia nifanye kama kila siku, akawa anatazama mkono wangu badala ya kioo, nikafungua orodha ya dozi, nikachagua 50, nikazungusha kigurudumu cha kipanya ili nishuke kwenye kitufe cha kuhifadhi, na namba ikaruka kimyakimya hadi 500.

Orodha ile ilikuja na tabia hiyo kutoka kwa walioiunda, na mkuu wake wa kazi alisema ndivyo ilivyo, wauguzi wafundishwe kuwa makini, lakini Mbishi alikataa katakata, akaketi siku kumi na moja kuiandikia tabia mpya. Jaribio la kwanza liligandisha ukurasa mzima, wauguzi wakamsema mpaka basi, la pili likasahau vitufe vya mishale, ambavyo navyo vilibadilisha namba, na la tatu likatulia, kwamba orodha isipofunguliwa kwa mkono wa mtu haibadiliki, hata uzungushe vipi.

Nilirudishwa kazini tarehe 3 Mei 2016 kwa barua iliyosema nimesamehewa, nikafurahi, yeye akakasirika, akasema husamehewa aliyekosa, akaandika barua tatu kutaka neno hilo libadilishwe, wala halikubadilishwa, na hadi leo limo katika faili langu.

Mwezi Agosti 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kompyuta ikiwa mapajani, akibishana na mashine na wahudumu wake, hadi Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, alipotutoka, wifi akiwa amemshika mkono, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani walioleta viti na kupika tangu Jumatatu, na wafanyakazi wenzake, ambao jana waliniletea ukurasa mmoja waliouchapa kutoka kwenye programu ile, ambayo sasa inatumika katika hospitali kumi na nne, na juu ya mistari yake aliyoiandika mwaka ule, mahali ambapo mafundi huachiana maelezo, kaka ameandika kwamba asiyejua kazi ya mistari hii asiiondoe, na chini yake maneno matatu: mdogo wangu hakukosea.

Kaka, nimeyasoma. Pumzika sasa kwa amani.