Tuzo ya Muiruri na Viazi Vichanga vya Kuresoi

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Molo hadi Gilgil, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka mwalimu Ephantus Muiruri. Alituacha wiki tatu zilizopita, hapa Nakuru, akiwa na miaka sitini na minane. Ijumaa iliyopita, chuo kikuu alichofundisha kilitoa Tuzo ya Muiruri kwa mara ya kwanza. Ni tuzo ya mwanafunzi bora anayehitimu katika usalama wa taifa. Nilikuwepo. Mimi mtangazaji wenu niliyaona yote kwa macho yangu.

Kabla ya chuo, Muiruri alikuwa naibu wa chifu kule Kuresoi. Asubuhi moja, mama mkulima aitwaye Jepkorir alimfuata ofisini.

"Mzee, watu wa ng'ambo ya barabara wanachimba viazi vichanga. Havijafika hata saizi ya yai."

Muiruri akamkatiza kwa kicheko. "Mathe, bei imepanda huko Molo. Wacha watu wauze."

Sasa, mkulima hachimbi kiazi kichanga kwa sababu ya bei. Anachimba kwa sababu amesikia fununu ya vita, na hatarajii kuwepo wakati wa mavuno. Jepkorir alijua hivyo. Muiruri, mtoto wa mkulima, alijua pia. Lakini alikuwa akingoja ripoti yenye muhuri. Simlaumu sana, huenda hata mimi ningecheka.

Baada ya siku mbili, vita vilizuka, nyumba zikachomwa pande zote mbili za barabara. Mume wa Jepkorir aliuawa akiwafungulia jirani zake ng'ombe.

Muiruri aliacha kazi. Akarudi darasani na mvi zake, akasoma mpaka akawa mhadhiri. Miaka kumi na mitatu alifundisha vijana usalama wa taifa. Kila mwaka, somo la kwanza lilikuwa kosa lake mwenyewe, na hakuficha kitu. Kisha aliwatuma vijijini mwezi mzima bila kamera wala daftari. Kaa na watu, alisema, usikize.

Binti yake, Abby, aliniambia hivi: "Kila msimu wa kupanda Baba alikuwa anaenda Kuresoi. Mama akashuku ako na bibi mwingine huko. Kumbe anaenda tu kukaa jikoni kwa Mama Jepkorir."

Jepkorir alimpa chai. Hakumpa msamaha. Narudia, wapendwa: chai kila mara, msamaha hapana. Akiwa kitandani hospitalini, Muiruri aliomba jambo moja. Tuzo hiyo itolewe kwa mkono wa Jepkorir, kama atakubali. Alikufa kabla ya kupata jibu.

Ijumaa, jina la mshindi likaitwa: Sundus Hemed, msichana wa mtaa wa Bondeni hapa Nakuru. Kiti cha Jepkorir kilikuwa kitupu. Abby aliinamisha kichwa. Mkuu wa chuo alikuwa ameshaanza kuinuka atoe cheti mwenyewe, ndipo mama mmoja akaingia kwa mlango wa nyuma, viatu vimejaa matope. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Kuresoi. Alipita katikati ya watu, akachukua cheti, akampa Sundus. Akaombwa aseme neno.

"Watu wanadhani nimekuja kumsamehe marehemu," akasema. "Sijui kama nimemsamehe. Bwana yangu hajarudi. Lakini kwa watu wote wa ofisi, huyu mzee ndiye tu alirudi kwangu, akaniuliza swali, akangoja nimalize." Akamgeukia Sundus. "Na wewe utapewa ofisi. Siku nikikuja, utaniacha nimalize?"

Sundus alivuta kile kiti kilichokuwa kitupu, akamkalisha mama, naye akachuchumaa kando yake na joho lake jipya.

"Anza leo, Mama. Niko na siku nzima."

Abby, mama yako na jamaa yote ya Muiruri, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, kabla hatujalala leo, tujiulize: ni nani karibu na mlango wangu alianza kuniambia jambo, nami nikamkatiza?