Pikipiki Iliyokula Nauli

Kijiwe cha Mama Agnès hakina kibao wala jina. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili matupu, pale ambapo njia ya vumbi itokayo Musonoi inaingia lami ya Kolwezi; mbele yake jiko la makaa, birika, na sahani ya vitumbua, ambavyo huko huitwa bitumbula. Zamani mgodi ulipokuwa na uhai, watu walikunywa kahawa hapo wamesimama, kikombe kimoja, mbio kazini. Mwaka huo wa tisini na tatu kazi ilikuwa imekufa, mishahara imesahau njia, na ubao ulijaa tangu asubuhi. Wenyewe walikuwa wanne. Omer, aliyeitwa Redio kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Dodo, aliyeitwa Avoka, yaani wakili, ingawa sheria aliisomea kwenye kesi zake mwenyewe. Kalala, aliyekuwa mkubwa wa timu mgodini na bado akiitwa Shefu, mtu wa maneno machache. Wa nne alikuwa Tshilombo, fundi umeme, ambaye kila mtu alimwita Kuran, kwa Kifaransa cha huko umeme wenyewe. Nafasi yake mwisho wa ubao ilikuwa tupu tangu vijana waanze kupita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wa asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Tshilombo alizaliwa Musonoi. Kasai aliijua kwa kusimuliwa na mama yake tu.

Asubuhi hiyo akaja, tena si kwa miguu.

Alikuja juu ya pikipiki ndogo ya rangi ya maziwa, taa yake ya mviringo, kiti chake cha ngozi chenye springi chini, na ubavuni imefungwa kigari cha gurudumu moja, chenye kiti na kioo kidogo cha kuzuia upepo. Aliiegesha mbele ya ubao kabisa, magurudumu yote matatu, akazima injini, akaketi mahali pake. Aliogopa. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na ndiyo iliyokuwa imeendesha.

— Jambo, Mama Agnès. Kahawa.

— Jambo, tata Kuran. Na sukari?

— Na sukari. Yote yenye uko nayo.

Mama Agnès alimimina bila kumtazama usoni, lakini alijaza kikombe hadi ukingoni, na kitumbua akampa kikubwa. Wengine watatu walikuwa wameitolea macho pikipiki. Redio ndiye aliyeshindwa kuvumilia, kama kawaida yake.

— Kuran, mon vieux! Iyi kitu ulipata wapi?

— Kwa ule Mugiriki wa mikate. Anafunga duka, anaenda kwabo.

— Njo ya baba yake? Inaonekana ya zamani sana.

— Ni mupya. Balifanya sura ya zamani tu.

Avoka akainama kuchungulia chini ya tanki la mafuta, mikono mgongoni, kama jaji anayekagua kielelezo.

— Mupya, na sura ya zamani? Juu ya nini mutu afanye vile?

— Bazungu bakichoka na bitu bipya, banarudia bya zamani, Redio akamjibu. — Siye tuko na bya zamani tu, hatuna pa kurudia.

— Na feza, Kuran? Avoka akauliza. — Siku izi nani anaonaka feza?

Tshilombo alipuliza kahawa yake. Alikuwa amejua kwamba wataulizia hilo, na alikuwa amejiambia njiani kwamba hatadanganya hata neno moja.

— Ni feza ya safari. Yenye tulichunga ya kupanda treni. Nilitia yote.

Kila mtu wa kona ile aliijua nauli ya treni. Stesheni ilikuwa imefurika watu waliolala juu ya mizigo yao wakingoja mabehewa, na familia ambayo haikuwa imepanda ilikuwa imeficha nauli mahali fulani ndani ya nyumba, chini ya godoro au ndani ya gunia la unga. Kwa Tshilombo ilikuwa ndani ya mto wa mkewe Tshibola. Naye Tshibola mwenyewe ndiye aliyeupasua mto kwa kisu, akatoa noti, akasema: chukua, twende wapi sisi?

Redio naye alikuwa amekwisha piga hesabu yake. Alipiga goti lake.

— Basi, nimefahamu! Ataenda na iyo! Treni ya nini? Anapanda yulu, bibi nyuma, bitu mu kigari, anapita Kamina, anapita Mwene-Ditu, anafika kwabo. Kuran, uko na akili mingi!

— Na babarieri? Avoka akauliza. — Vijana bako ku kila barieri, banakamata bitu bya batu.

— Njo weye Avoka, tuambieko.

— Bon. Avoka alinyanyuka, maana sheria haisemwi mtu ameketi. — Sikieni. Pikipiki iko na miguu mbili. Motokari iko na ine. Iyi iko na tatu. Ni pikipiki? Hapana. Ni motokari? Hapana. Ku barieri banaitisha karatasi ya pikipiki ao ya motokari. Ya miguu tatu haiko mu kitabu. Haiko mu kitabu, basi haiko. Kitu yenye haiko, utaisimamisha namna gani? Kuran atapita mbele yabo sawa upepo.

— Na mayi? Redio akadakia. — Ku muto Lubudi kama daraja imevunjika?

— Ile ya mayi ni weye utamwambia, Avoka akasema.

— Mi namwambia! Angalieni kile kigari. Mbele kimekatwa sawa mtumbwi. Ni mtumbwi! Redio alikwenda akakigonga kwa ngumi, kikalia nguu. — Anafungua maburoni yenye inakishika ku pikipiki, anatia mu mayi, bibi anapiga kasia. Mugiriki hawezi kuuza kitu ya bure. Bale batu ni ba mu bahari.

Mama Agnès aliguna huku akigeuza makaa. Tshilombo naye nusura acheke, maana alikuwa amezitamani kelele za ubao huu kuliko alivyotaka kukubali. Akajizuia.

Avoka, alipoona mwenzake ameondoka na mtumbwi, akaona sheria peke yake haitoshi.

— Mtumbwi wapi! Unaona vile iko nzito? Mi nawaambia, ile si chuma. Ni kobalti. Mugiriki ameyeyusha kobalti ya mugodi, ametengeneza pikipiki, amepaka rangi ya maziwa. Sura ya zamani njo ya kudanganya batu ba duane, bale ba kodi ya mupaka. Kuran akifika, anaivunja, anauza, anajenga etaji.

— Na ule Mugiriki alishindwa kuivunja yeye mwenyewe? Redio akauliza.

— Mugiriki anaogopa.

— Kuran haogope?

Wote wakamgeukia. Yeye alikuwa anahesabu kimoyomoyo: Kamina, Mwene-Ditu, mtumbwi, ghorofa. Wamemvusha mito, wamempitisha vizuizi, wamemtajirisha. Hakuna hata mmoja aliyesema, labda ameinunua ili akae nayo hapa. Watu aliokunywa nao kahawa miaka yote walimwona akienda tu. Hilo lilimchoma kuliko matusi ya vijana waliowaita bilulu, wadudu.

Wakati huo kutoka upande wa nyumba yake zilisikika nyundo: ko, ko, ko. Siku hizo nyundo ilikuwa na maana moja katika mtaa. Ni familia inapigilia misumari masanduku ya safari. Tena kila aliyepita njia ya Musonoi asubuhi alikuwa ameona vitu vya Tshilombo nje, kitanda, meza, na kabati lake kubwa la mbao ya mukwa, vimepangwa kando ya njia kama wanavyopanga wanaouza waondoke.

Hapo Kalala akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

— Muache mutu aende na amani. Kuran, lufunguo ya nyumba utaachia nani?

Aliuliza kwa sauti ya upole, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Tshilombo alijua kwa nini anauliza. Mama Agnès alikuwa amemwambia Tshibola kwenye bomba la maji: mkubwa wa vijana ni mpwa wa Kalala, na nyumba ya Kuran, yenye umeme na bati zima, mpwa huyo amekwisha mwahidi mjomba wake. Kalala alikuwa amepoteza nyumba siku ile ile alipopoteza kazi. Alikuwa analala kwa shemeji yake na watoto wote chumba kimoja. Tshilombo alimhurumia, na alimchukia, vyote pamoja. Kabla hajajibu, mtu akasimama mbele ya jiko.

Alikuwa mwanamke mnene aliyevaa kitenge cha kijani, begi la pesa limefungwa kiunoni chini ya kitenge, vumbi la safari kwenye nyusi. Alijitambulisha mwenyewe: Joyeuse, mfanyabiashara, ametoka Fungurume na lori kununua vitu vya wanaoondoka. Akaomba kahawa, akauliza:

— Kabati ya mukwa kule, ku nyumba yenye mulango ya bluu, ni ya nani?

— Ni yangu, Tshilombo akasema.

— Tata, jambo. Bei gani?

— Haiuzwe, mama.

— Haiuzwe, na iko inje?

— Iko inje juu tunabomoa ukuta. Pikipiki na kigari yake haipite ku mulango. Na siye hapa pikipiki inalala mu salon.

Hilo hakuna aliyelibisha, maana ni kweli. Kolwezi nzima mtu analala na pikipiki yake chini ya paa moja, asije akaamka na alama za magurudumu tu. Joyeuse aligeuza kichwa kusikiliza.

— Na ile nyundo? Si masanduku?

— Ni bibi yangu Tshibola. Anapanua mulango.

Mama Joyeuse alimtazama, akaitazama pikipiki, kisha akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyekosa biashara na hajali.

— Mutu mwenye anaenda hawezi kupanua mulango! Basi hauende.

— Siende.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Tshilombo alilisikia likitoka, akashangaa jinsi kifua kilivyopata nafasi.

— Kuran, Redio akanong'ona, sauti ya redio imekwisha kabisa. — Batakuja.

— Bakuje. Mulango bataona mukubwa.

— Na kigari? Joyeuse akauliza. — Nani atakaa mule?

Katika mitumbwi na kobalti zote, hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza hilo. Tshilombo aliweka kikombe chini.

— Mama yangu. Mama Mianda. Miguu yake haimubebe tena. Muliona vile balimupeleka mzee Mukendi ku stesheni? Mu bruweti. Mutu mwenye alichimba shaba apa maisha yake yote, balimusukuma mu bruweti ya kubebea muchanga, na batu banacheka. Mi niliona. Nilirudi nyumba nikalia. Nikasema, mama yangu hawatamusukuma. Jumapili ataenda misa amekaa, na kitambaa yake ya kichwa, atapita apa mbele yenu, atabapungia mukono. Na Jumapili ingine vile vile. Avoka, mu vita ya sabini na nane, ulikuwa mutoto, nani alikuficha chini ya kitanda yake?

Avoka hakusimama safari hii.

— Ni yeye, alisema.

— Sasa mi mugeni hapa, niambieni, Mama Joyeuse akasema, na wala hakuwa anatania. — Nani anataka huyu tata aende?

— Si mi, Redio akasema upesi.

— Wala mi, Avoka akafuata.

— Ni bale vijana.

— Ni bakubwa, ba politiki.

— Mi nauliza ba hapa, ku ubao, Mama Joyeuse akasema.

Tshilombo alinyanyuka, akafuta makombo ya kitumbua kwenye suruali.

— Kabati ni nzito, alisema. — Tshibola akimaliza, nitaitaka ndani mbele ya jua kuingia. Inaomba batu bane, na mi ni mumoja.

Alitembea hadi kwenye pikipiki bila kugeuka nyuma, kwa sababu kama angegeuka na kukuta wote wameketi, asingejua afanye nini na uso wake. Alisikia ubao ukilia. Redio akaja, akapanda nyuma yake, akamshika kiuno. Avoka akaja akasimama kando ya kigari, akasita.

— Kaa tu, Tshilombo akamwambia. — Mama hatakasirika.

Mama Agnès akafunika birika, akavuta makaa kando.

— Kahawa imeisha, alitangaza, na birika lilikuwa nusu. Akajifunga kitenge vizuri. — Natembea kwa miguu, nitabakuta kule. Basi njo batu bane ba kabati.

Kalala alibaki peke yake katikati ya ubao mrefu. Mama Joyeuse, aliyekuwa bado na kikombe mkononi, akaketi pembeni yake, akanyoosha miguu yake iliyochoka.

— Na weye, tata, akamuuliza, — unangoja nini?

Tshilombo alikuwa ameshaweka mguu juu ya kiki ya kuwashia injini. Hakukanyaga. Kalala aligeukia upande wa nyundo za Tshibola, na wote wakabaki pale wakimtazama kama atakwenda kubeba kabati, au atabaki kungoja ufunguo.