Mstari wa Katikati ya Daraja: Maisha ya Gavana Alden Tollefson

Ndugu waombolezaji, wa upande huu wa mto na wa upande ule, familia imenituma mimi, Inga, mtoto wa dada yake, niwasomee njia aliyoipita mjomba wetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza kuvumilia hotuba yoyote hadi mwisho, hata zake, nitajitahidi nisimchoshe.

Marehemu Alden Knute Tollefson, gavana wa zamani wa jimbo letu, alizaliwa tarehe 4 Novemba 1937 katika mji wa Harrow Ferry, pale ng'ambo mnapopaona, akiwa mtoto wa pili wa Knute Tollefson, mkulima wa ngano, na mkewe Marit, na husemwa katika ukoo wetu kwamba alianza kutembea kabla hajajua kukaa, jambo ambalo mama yake alilithibitisha kila Jumapili, kwani katika kanisa la Kilutheri la Harrow Ferry sauti iliyosikika kuliko ya mchungaji ilikuwa ya Marit akisema, "Kaa chini, Alden."

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa kando ya mashamba kuanzia mwaka 1943, akamaliza sekondari mwaka 1955, ambako walimu walimtoa darasani mara kwa mara, si kwa utukutu bali kwa kwenda kusimama dirishani, kisha akapata shahada ya sheria katika chuo kikuu cha jimbo mwaka 1962, baada ya kuyakatisha masomo mara mbili, mara ya kwanza akaendeshe lori la ngano, na mara ya pili kwa sababu ambayo hadi leo hakuna aijuaye.

Tarehe 15 Juni 1963 alifunga ndoa na Maite Aldecoa, mwalimu, binti wa wafugaji wa kondoo wa Kibaski, watu wa asili ya milima ya Hispania, wa hapa Corvane, katika jimbo la jirani, na kwa ndoa hiyo familia yetu ilijifunza kula kitunguu saumu na familia yake ikajifunza kunyamaza wakati wa chakula, ingawa hili la pili halikudumu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kirsten mwaka 1965 na Beñat mwaka 1968, ambao wote wako hapa, na ambao walilelewa zaidi katika kiti cha nyuma cha gari, maana baba yao alikuwa wakili, kisha mwendesha mashtaka wa wilaya, kisha seneta wa jimbo tangu 1972, na kazi zote hizo alizifanya kiguu na njia.

Aliapishwa kuwa gavana tarehe 8 Januari 1979, na hapo ndipo mtu asiyetulia alipofungwa kamba, kwani kama wote mjuavyo, kwa sheria zetu gavana akivuka mpaka wa jimbo, madaraka yote humwangukia makamu wake hadi atakaporudi, na makamu wake, Dwight Purcell, alikuwa amechaguliwa na wananchi peke yake, kwa tiketi ya chama cha upinzani. Julai ya mwaka ule ule marehemu alikwenda mkutano wa magavana kwa siku mbili, na alipotua uwanja wa ndege alikuta bodi nzima ya samaki na wanyamapori imefukuzwa, na viti vyote vimekaliwa na marafiki wa Purcell wa kuwinda paa. Tangu hapo hakutoka tena. Alizunguka ndani ya jimbo kama mbuzi kwenye kigingi, akafungua kila maonyesho ya kilimo, akala kila aina ya pai, na kila alipofika nyumbani Harrow Ferry alitembea hadi katikati ya daraja hili, penye mstari wa rangi ya njano unaotenganisha majimbo mawili, akasimama, akageuka, huku shemeji zake wa Corvane wakimkaribisha kwa dhihaka aje ale kondoo, na wakimla kondoo peke yao mbele ya macho yake.

Mwanzoni mwa Machi 1983 Maite alipasuka mshipa kichwani akiwa Harrow Ferry, akakimbizwa hospitali ya hapa Corvane kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Wiki ile ile Bunge la jimbo lilikuwa linajadili muswada wa kuuza maji ya sehemu ya juu ya mto wetu, muswada ambao ungeyakausha mashamba ya bonde lote, ambao marehemu alikuwa ameapa kuukataa na Purcell alikuwa amewaahidi wakubwa wake kuutia sahihi, nao ungeweza kupita saa yoyote. Marehemu alikuja hadi pale alipoweza kufika, yaani kwenye mstari, akakaa siku nzima darajani na koti lake, akienda mbele na nyuma, na dirisha la mkewe la ghorofa ya pili akiliona waziwazi.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 10, Maite alizinduka, akamtuma kaka yake Peio. Peio alivuka hadi kwenye mstari akasema, "Shemeji, anasema mto wenyewe si mpana kiasi hicho."

Muda mfupi baadaye askari aliyekuwa dereva wake alitoka kibanda cha simu na ujumbe kutoka kwa Purcell kwamba yeye mwenyewe ametoka nje ya jimbo tangu alfajiri, yuko katika nyumba ya wageni hapa Corvane, na hatarudi hadi gavana atakapokuwa amemwona mkewe, kwa hiyo madaraka yangemwangukia spika wa Seneti, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu, na muswada usingepata sahihi. Marehemu aliangalia mstari. "Purcell akisema mvua inanyesha," alisema, "mimi kwanza hutoa mkono dirishani." Akauona ni mtego, akabaki.

Maite alifariki Ijumaa, tarehe 11 Machi 1983, saa nane mchana. Peio alikuja hadi kwenye mstari akavua kofia. Saa tisa karatasi ya muswada, uliokuwa umeshapita Bungeni, ikaletwa kwa ndege ndogo, marehemu akaandika juu ya boneti ya gari kwamba ameukataa, na ndipo akavuka, na waliomwona wanasema alikimbia, ingawa hapakuwa tena na la kukimbilia. Bonde letu lina maji hadi leo kwa sababu ya siku ile, na wakulima wengi mliosimama hapa mnalijua hilo, na familia inawaomba msilitaje mbele ya Kirsten.

Katika mazishi ya Maite, mke wa mwenye nyumba ya wageni alimweleza marehemu, bila kujua uzito wa neno lake, kwamba yule bwana Purcell alikaa kwao siku mbili, hakula vizuri, na kila saa alitoka kuuliza kama gavana amepita.

Marehemu alirudi kazini, akamaliza muhula wa pili Januari 1987, na siku ya pili yake akaenda kugonga mlango wa Purcell. Familia inajua lililosemwa pale kwa sababu wote wawili walilisimulia kwa maneno yale yale. Marehemu alisema hajui aanzie wapi, na Purcell akamjibu, "Jina langu nililiharibu mwenyewe mwaka sabini na tisa, wewe uliliamini tu. Ingia, karata zipo." Walicheza karata kila Alhamisi kwa miaka thelathini na sita, wakitukanana kuhusu kodi, na kila asubuhi ya siku nyingine marehemu alivuka daraja hili kwa miguu, akaenda hadi kaburini kwa Maite na kurudi, wala hakukaa, alisimama tu.

Mwaka 2017 alipatikana na ugonjwa wa kutetemeka, nasi tuliomjua hatukushangaa kwamba hata maradhi yake yalikuwa ya kutotulia, na tarehe 2 Oktoba 2023 akafariki nyumbani, Kirsten akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa pande zote mbili, majirani waliotuletea kondoo wa kuchemsha na mikate ya viazi hadi meza ikakosa nafasi, watumishi wa zamani wa ofisi yake, na ukoo wa Aldecoa uliotupa sehemu hii ya ardhi bila kuuliza.

Shukrani ya mwisho ni kwa Bwana Dwight Purcell, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, ambaye jeneza lilipovuka mstari leo asubuhi tulimkuta tayari upande huu, juu ya kiti chake cha magurudumu, na tulipomuuliza mbona hakungoja magari yetu, alisema kwamba safari hii alitaka Alden amwone kwa macho yake.

Umevuka, mjomba, na Maite yuko hapa kando yako. Kaa chini, Alden. Pumzika kwa amani.