Wendelin Hesselbach na Beji Iliyopigwa Tupa

Mheshimiwa Padri, mkaza mjomba wangu Roswitha, binamu yangu Burkhard, mama yangu Gerlinde uliyeketi hapo mbele, waimbaji wa Kwaya ya Wanaume ya Eschenrode, wastaafu wa posta, majirani, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki katika mvua ya Oktoba, mimi ni Irmtraud, mtoto wa dada wa marehemu, nami nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu. Kazi hii alinikabidhi mwenyewe akiwa na akili zake timamu, akaniwekea sharti moja, nalo nitalitaja likifika mahali pake.

Wendelin Anton Hesselbach alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 hapa hapa Eschenrode, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya kufuli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Anton Hesselbach, fundi kufuli, na mkewe Walburga. Baba yake aliitwa vitani mwaka 1941, akauawa upande wa mashariki mwezi Agosti 1943, akazikwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, hivyo mjomba alibaki na kumbukumbu moja tu ya baba, nayo ni ya mikono yenye harufu ya grisi ikimwinua juu hadi akagusa dari la jikoni.

Alianza shule ya msingi ya Eschenrode mwaka 1944, shule ikafungwa majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata Wamarekani walipoingia bondeni, ikafunguliwa tena vuli, naye akahitimu mwaka 1952. Mwaka huo huo mama yake alilitoa kabatini koti la Jumapili la marehemu baba, akalipunguza mikono, akamvisha, na mjomba alipoukunjua ukosi akakuta upande wa ndani imebandikwa beji ya bati jembamba, yenye mnara wa lango la mji na mlindeni, ule mti mkubwa wa kivuli, ubavuni mwake. Chini ya mnara, pale ambapo beji zote huandikwa sherehe, mji na mwaka, hapakuwa na neno, ila mikwaruzo mitupu, kwa maana ukingo wote wa chini ulikuwa umepigwa tupa, na beji ya duara ikabaki kama biskuti iliyong'atwa. Akauliza ni ya nini.

"Ni ya tamasha la waimbaji," mama yake akamjibu. "Baba yako alikuwa mwimbaji. Na ukiniuliza tena, leo supu utainywa baridi."

Wazee mlio hapa hamhitaji kuelezwa, lakini vijana wajue kwamba majira yale ya 1945 karibu kila nyumba ya bonde hili ilishika mkasi na tupa, bendera zikashonwa aproni za watoto, na beji zikapunguzwa ule msalaba uliopinda wa chama cha Nazi kabla askari hawajabisha hodi. Ndiyo maana mikwaruzo ile haikuthibitisha chochote, kwa kuwa miaka ile alama hiyo ilibandikwa kila mahali, hata kwenye beji za wafuga sungura. Basi mvulana wa miaka kumi na minne akabaki na swali lake, baba alikwenda wapi siku ile amevaa koti hili, na akina nani walikuwa pembeni yake, na swali hilo ndilo lililomfanya awe yule mtu mliyemjua.

Mwaka 1953 aliajiriwa na posta ya Hallenbrück, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu tarehe 28 Februari 1998 alipeleka barua hapa Eschenrode na katika mashamba ya juu. Kuuliza si ujinga, na posta ilimpa mlango wa kuulizia kila siku, maana hakuna nyumba alikopeleka barua asitie na neno la beji, tena hakujali ni za nini, za wapiga shabaha, wazimamoto, wanasarakasi, wafuga njiwa, mradi ziliwahi kubandikwa kifuani mwa mtu siku ya sherehe. Bibi mmoja wa mashamba ya juu, ambaye sasa naye ni marehemu, alikuwa akimwona tu kwenye kona anapaza sauti, "Wendelin, leo nipe barua kwanza, halafu ndiyo uniombe takataka zangu!" naye alichukua takataka hizo, akazifunga kwenye karatasi laini, akaandika zimetoka kwa nani.

Kwaya hii aliingia mwaka 1956, akiwa na miaka kumi na minane, sauti ya besi ya pili, ile ya chini kabisa, kwa sababu alitaka kukaa alipokaa baba yake. Karatasi za kwaya zilikuwa zimeungua pamoja na ukumbi wakati wa vita, lakini wazee wa kwaya hawakuwa wameungua, walikuwepo, na wangeweza kumjibu kwa neno moja, ila miaka ile hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa wapi, akiogopa naye kuulizwa. Walimtazama, wakamsogezea kiti, wakampa karatasi za nyimbo.

Katika tamasha la waimbaji la Juni 1961 kule Hallenbrück, ambapo beji ndiyo iliyokuwa tiketi ya kuingilia, alimkuta langoni msichana mwenye kikapu cha beji, akanunua mbili, moja ya kuvaa na moja ya kuhifadhi. Msichana akamtazama juu na chini, akamuuliza, "Wewe una vifua viwili?" Jioni hiyo alirudi langoni kununua ya tatu, na tarehe 14 Mei 1963 akamwoa, naye ndiye Roswitha aliyekaa hapo. Mungu akawajalia mtoto mmoja, Burkhard, mwaka 1965, ambaye alijifunza kusoma kwa kutumia maneno ya ukingoni mwa beji, na mwalimu wake wa kwanza alishangaa sana mtoto aliyejua kuandika "Siku ya Wazimamoto" lakini hakujua kuandika "mama".

Kuhusu kutunza beji, mjomba alikuwa mkali kuliko Padri kuhusu Kwaresima. Alichonga mwenyewe kabati la mwaloni lenye droo nyembamba, akalionea fahari miaka mingi, kisha akaona beji zake za madini ya risasi zinaota unga mweupe na kumomonyoka, akashuku unyevu, akashuku moshi wa sigara za Ewald Kottmann, mwenzake wa besi ya pili, akamfukuza Ewald akavutie barazani, mpaka siku alipogundua kwamba mwaloni wenyewe hutoa mvuke unaokula risasi, yaani kabati lilikuwa linatafuna kile alicholichongea. Beji akazihamishia kwenye kabati la chuma, lile la mwaloni mkaza mjomba akaliwekea viatu, na Ewald anasema hadi leo hajaombwa radhi.

Amri yake kuu ilikuwa moja, beji haisuguliwi. Weusi wa beji ni umri wake, alisema, anayeusugua anafuta vidole vya wote walioishika, na hata bonge la beji lililotoka kwenye nyumba iliyoungua, alilolipata mnadani mwaka 1987, zimeshikamana kwa masizi na kioo kilichoyeyuka, alilifungia kwenye kopo la biskuti, akisubiri mwenye akili zaidi azaliwe.

Mwezi Septemba 2018 mjomba alipasuliwa moyo, akalazwa majuma matatu, na mkaza mjomba, ambaye maisha yake yote alikatazwa kugusa, akaona amwandalie mumewe furaha ya kurudi nyumbani. Alichukua lile kopo, kwa kuwa lilikuwa na vitu vilivyoharibika tayari, akaviloweka kwenye siki na chumvi, akavisugua kwa mswaki kimoja kimoja, akavipanga kwenye kitambaa cheupe mezani, pembeni ya keki ya maboga. Mimi ndiye niliyemtoa mjomba hospitali kwa gari langu, kwa hiyo nilikuwepo. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akaona meza inamemeta, akashika kiti.

"Roswitha," akasema, "mimi nilidhani moyo umeshatengenezwa."

"Kaa chini," mkaza mjomba akamwambia, huku machozi yanamlengalenga, maana alijua kosa lake kabla hajamaliza kuambiwa. "Kaa, kunywa kahawa, halafu ndiyo unigombeze."

Hakugombeza. Aliinama juu ya kitambaa kile muda mrefu, mpaka tukadhani moyo umemsumbua tena, kisha akaomba kioo chake cha kukuzia, akaomba na koti la baba yake. Kwenye kitambaa ulikuwepo mnara wa lango la mji, ubavuni mwake mti wa mlindeni, na chini yake, kwa kuwa hii haikuwahi kuonja tupa, palikuwa na msalaba ule uliopinda na maneno kamili, Siku ya Chama ya Wilaya, Hallenbrück, 1937. Pacha wa beji ya baba yake alikuwa amelala kwenye kopo la mjomba mwenyewe miaka thelathini na moja, amefichwa na amri ya mjomba mwenyewe.

Halikuwa tamasha la waimbaji, ilikuwa siku ya gwaride la chama. Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa mkupuo, isipokuwa siku ile.

Alhamisi iliyofuata, bado ana bandeji kifuani, aliomba apelekwe kwenye mazoezi ya kwaya, akasimama, akaziweka beji zote mbili juu ya piano. "Nimeimba hapa miaka sitini na miwili nikimfuata baba," akawaambia, "na baba hakuwahi kuimba, alikuwa anapiga gwaride. Sijui sasa nimekuwa nikimfuata nani."

Ewald Kottmann akakohoa. "Sasa unataka turudishe miaka yako?" akamuuliza. "Hatuna chenji. Kaa chini, Wendelin, besi ya pili leo tuko wawili tu." Mjomba akakaa, akaimba.

Mwaka 2021 aliukabidhi mkusanyo wake wote kwa Chumba cha Kumbukumbu cha Eschenrode. Wapo wajumbe waliotaka zile za miaka ya Nazi zibaki gizani stoo, wengine wakataka ziyeyushwe, naye aliwasikiliza wote hadi mwisho, kisha akasema hazitaki kupendwa, zinataka kuulizwa, na kwamba mji unaozionesha beji za njiwa na kuzificha zile nyingine unapiga tupa kama alivyopiga mama yake. Wakakubali, kwa maelezo ya kufundishia kama sheria inavyotaka kwa alama za Nazi, na katika droo ya tatu beji zile mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu, nzima na iliyong'atwa, na karatasi yenye mwandiko wake inasema, "Baba yangu alikuwepo."

Kuanzia mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akaomba arudishwe nyumbani, na tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mkaza mjomba akiwa amemshika mkono na redio ikiimba kwa sauti ya chini, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Sharti aliloniwekea ni kwamba habari ya droo ya tatu isomwe leo mbele yenu bila kupunguzwa. Mama yangu Gerlinde, mwenye miaka tisini na mmoja, alinisihi niiruke, akisema maiti hawezi kujitetea, wala baba wa maiti, nami kwa siku tatu sikujua nimtii nani. Jumatatu, tukiwa tunakunywa kahawa, nilimsomea ukurasa huu wote. Alipousikia hadi mwisho, akasukuma kikombe.

"Mimi ndiye niliyeshika koleo," akaniambia. "Mama alipiga tupa, tupa ya baba, mimi nikashika beji isiteleze. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kusoma nilijua. Mama akaniapisha."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mdogo wake maisha yote yale.

"Hakuniuliza. Kaenda kuuliza bonde zima, mimi hakuniuliza. Alijua ningemjibu." Kisha akaendelea, "Soma yote, Irmtraud. Ila andika na hili, baba alikuwa anaimba jikoni. Kila Jumamosi, akinoa visu. Sauti ya chini kabisa, kama ya Wendelin. Hilo halina beji."

Nimeandika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa moyo na wa figo, wauguzi wa kutembelea wagonjwa waliokuja hata siku za theluji, jirani zetu waliokuwa wakizoa theluji mlangoni kabla hatujaamka, wenzake wa posta, Padri, walinzi wa Chumba cha Kumbukumbu, na ninyi waimbaji, hasa Ewald, ambaye kuanzia Alhamisi atabaki peke yake kwenye besi ya pili. Baada ya maziko tunawaomba nyote ukumbini kwa supu, kahawa na keki ya siagi.

Mkaza mjomba amembandika kifuani beji moja, ile ya tatu aliyoinunua langoni mwaka 1961, nyeusi kama ilivyo, hajaisugua. Mjomba Wendelin, pumzika kwa amani, tumekusoma mzima, hatujakupiga tupa.